Blanketi la Nguo za Kuazima

Walisema sitaweza kushona hata mfuko wa posho. Nyapara wa shamba alisema nitarudi kabla mahindi hayajachanua, kwa miguu, nikiomba maji njiani. Karani alinitazama mikono akasema vidole kama hivyo Mungu aliviumba kwa ajili ya mpini wa jembe, sindano itapotea humo. Na mama mmoja mzee, jirani yetu mlango kwa mlango kambini, alimwambia mama yangu nikiwa nimesimama pale pale: "Huyu akirudi na cheti, mimi nitanyoa nywele zangu na kuuza mvi."

Nilirudi na diploma. Ni diploma ya ukataji na ushonaji, ina muhuri mwekundu, nami nimeiweka kwenye kioo. Nilikaa Kampala miaka sita, mchana nikifanya kazi chini ya fundi mmoja Mgoa, jioni nikisoma katika shule ya mafundi, na katika mtihani wa mwisho nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye shule. Naacha msomaji apime mwenyewe. Niliporudi Eldoret nilikodi baraza la duka la Mhindi, nikaweka cherehani yangu hapo, na mwaka haukwisha kabla makarani wote wa mjini hawajavaa suruali zangu. Hata Wazungu waliosema Mwafrika hawezi kukata koti walikuja, kwa mlango wa nyuma, kitambaa wamekibana kwapani. Hayo ni ya kweli na sioni sababu ya kuyasema kwa sauti ndogo.

Lakini kazi ninayoikumbuka kuliko zote si koti. Ni blanketi moja la viraka lililotoka kombo, ambalo mimi, na diploma yangu, nililinyoosha.

Tulikaa kwenye shamba la Kaburu upande wa Kaptagat, mahali ambapo asubuhi maji ya kwenye debe huwa na ngozi ya barafu. Wazazi wangu walitoka magharibi, ng'ambo ya mto Nzoia, wakafuata kazi ya ngano. Baba alikufa kazini, aliangukiwa na mti wa mwati, na mama akabaki kambini kwa sababu alikuwa akifua nguo katika nyumba kubwa. Huko ndiko alikoona blanketi la memsaabu, mke wa Kaburu, lile la vipande vya nguo vilivyounganishwa, limeanikwa kwenye kamba. Memsaabu aliliita kwilti. Mama alilifua miaka mingi, kwa hiyo alilijua mbele na nyuma, kama mtu anavyoujua uso wa mtoto anayemwosha.

Nilipoamua kwenda Kampala, vita vya Wazungu vilikuwa bado havijaisha na nguo zilikuwa adimu. Kambini kwetu kulikuwa na dada wawili waliokuwa na leso moja. Jumapili hii huyu alienda kanisani, Jumapili ijayo mwenzake. Blanketi la dukani halikuwepo hata kwa mwenye pesa. Basi mama akanishonea lile la viraka. Ndani alijaza sufu ya kondoo, ambayo aliichuma kidogo kidogo kwenye seng'enge za Kaburu, pale kondoo walipopita wakijikuna. Upande wa chini ulikuwa magunia ya unga, yale meupe, ameyafua mpaka maandishi yakafifia. Upande wa juu ulikuwa na viraka tisa, mistari mitatu ya viraka vitatu. Kimoja kilitoka kwenye koti la kaki la marehemu baba, kimoja kwenye gauni lake mwenyewe. Saba vilitoka kwa wanawake wa kambi.

"Wamama wamekusaidia," aliniambia. Sikuuliza zaidi. Nilidhani wamenipa.

Blanketi hilo lilitoka vibaya. Upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, pembe moja ilikuwa nene kama mto, na katikati palivimba. Ukilitandaza chini halikutulia. Lilikaa kama kitu kinachotaka kuamka. Mama alilizunguka, akalivuta huku na huku, akacheka. "Litakuzoea," akasema. "Ukilala juu yake litalainika."

Siku ya safari alinisindikiza peke yake, kwa lori la mahindi, mpaka stesheni ya Eldoret, mji ambao wazee wa huko bado wanauita Sisibo. Nililibeba blanketi begani, limefungwa kwa kamba ya katani. Stesheni kulikuwa na vijana waliovaa kola, wanaenda Kampala kama mimi. Mmoja akatazama ule uvimbe.

"Ndugu, umebeba kondoo mzima ama umemchinja?"

"Wacha yeye," mwenzake akasema. "Hiyo ni bibi yake, amemkunja ili asilipe tikiti."

Walicheka, na mimi nikacheka nao, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalolionea aibu. Gari la moshi lilipopiga king'ora nilipenyeza blanketi dirishani, nikamrudishia mama mikononi. Nikamwambia, "Chukua tu, Mama. Huko nitanunua lingine." Alilipokea. Nilimwona akilikunja polepole na kulitia ndani ya gunia tupu la posho, na nikadhani anafanya hivyo ili lisipate vumbi.

Miaka sita baadaye nilifika kambini na viatu vya ngozi na diploma chini ya kwapa. Yule mama mzee wa jirani alitoka mlangoni, akanitazama kutoka chini kwenda juu.

"Kumbe umerudi, Bwana Diploma."

"Nimerudi, Mama. Nimekuja kununua mvi."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Ngoja kwanza, bei imepanda." Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza habari za njiani, "Na lile blanketi, umerudi nalo salama?"

Kabla sijajibu, mama yangu alisema kutoka ndani, haraka, "Amerudi nalo. Liko kwa mizigo."

Sikuelewa. Nyumbani nikaona mama amekonda, anakohoa, analala chini ya blanketi moja la jeshi lililochakaa hadi unaona moto upande wa pili. Aliposikia jirani ameingia kwake, alipanda kwenye dari, juu ya meko, pale tunapoweka mahindi, akashusha gunia la posho. Blanketi lilikuwa humo, limekunjwa vile vile. Moshi wa miaka sita ulikuwa umelitia rangi ya chai.

"Mama, mbona hukujifunika?"

"Wangeliona."

"Nani?"

"Watu." Akaanza kukohoa, na nikaacha kuuliza. Kikohozi kilipotulia, alilipapasa, akasema, "Hili lina kazi yake. Nikipata nguvu tutakaa nalo mimi na wewe. Usiliguse mpaka nikuambie."

Nguvu hazikuja. Kabla mwezi haujaisha tulimpeleka hospitali ya misheni kule Plateau, amelala nyuma ya gari la mkokoteni, na mimi nikachukua blanketi nikaenda nalo Eldoret. Nilitaka kumfurahisha. Nilijiambia: mama yangu ana mtoto mwenye diploma, halafu analala hospitali chini ya blanketi la serikali, na lake mwenyewe limepinda kama njia ya ng'ombe. Nitalinyoosha. Nitalipeleka, nitalitandaza kitandani mwake, na wagonjwa wengine watauliza nani amelishona.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilifunga kazi ya wateja, nikafuta meza ya kukatia, nikalitandaza. Nikashusha futi kutoka shingoni nikapima. Upande mmoja inchi sabini na mbili, upande wa pili sabini na saba. Nilichora kwa chaki mahali lilipotakiwa kuishia, nikaona haitatosha kukata ukingo, kwa sababu kosa lilikuwa ndani. Basi nikafumua gunia la chini, nikaondoa sufu, nikageuza viraka.

Nilicheka kwa sauti. Viraka saba kati ya tisa havikuwa viraka. Katika hivyo saba mama hakukata kitu. Alichukua leso nzima akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikabaki mraba wa inchi ishirini na nne, kisha akaishona pembeni kwa nyuzi ndefu ndefu, zile ambazo fundi huweka kwa muda tu, za kufumuliwa. Gauni zima la mtoto lilikuwa humo, mikono yake imekunjwa ndani. Kulikuwa na kitambaa cha kichwa, aproni, na mbeleko ya maua ya bluu iliyokunjwa mara sita. Hiyo ndiyo iliyofanya pembe moja iwe nene kama mto.

Nilijiambia, maskini, hakuwa na makasi, vile viwili labda alivipasua kwa kisu. Nikachukua yangu.

Nasema kama fundi: ilikuwa kazi safi. Nilikata kila nguo inchi ishirini na tano kila upande, nusu inchi ikaenda kwenye mshono. Nilichambua sufu, nikaitandaza sawa sawa, nikapitisha mashini juu yake mistari iliyonyooka kama reli. Jumapili baada ya kanisa nililimaliza. Lilitulia mezani kama maji kwenye sinia. Pembe zote nne zilikuwa pembe. Mabaki niliyatupa ndani ya gunia la matambara, na Jumatatu asubuhi mwenye gereji ya jirani, mnunuzi wa matambara yangu, akaja, akalinunua ili mafundi wake wafutie grisi.

Jumatano nilifika Plateau. Mama alikuwa ameketi, ameegemea ukuta. Nililitandaza juu ya miguu yake. Mwanamke wa kitanda cha pili akasema, "Yesu wangu, hiyo ni ya duka gani?" na mimi nikangoja mama aseme, ni ya mtoto wangu.

Mama alikuwa akilipapasa. Alianza pembeni, akaenda katikati, akarudi kwenye ile pembe iliyokuwa nene. Akabonyeza kwa kidole gumba. Akabonyeza tena.

"Mikunjo iko wapi?"

"Nimeitoa, Mama. Ndiyo iliyokuwa inalipindisha."

"Umeitoa ukaiweka wapi?"

"Nimekata."

Alifumba macho. Nilidhani ni maumivu ya kifua, nikataka kumwita nesi, lakini alinishika mkono. Alisema pole pole, akipumzika kila baada ya maneno machache, na hakuna siku nimesahau hata neno moja.

"Zile nguo hazikuwa zawadi. Walituazima. Nguo ya kuazima haikatwi. Nilizikunja ili ukirudi tufumue, kila mmoja achukue yake ikiwa nzima. Ndiyo yalikuwa maneno yetu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mtu anayesafiri habebeshwi deni."

Hapo ndipo nilipoelewa gunia la posho, na dari, na blanketi la jeshi. Aliwaambia wamama saba kwamba mtoto wao amelala vizuri Kampala ndani ya nguo zao. Kama angelitumia wangejua kwamba nililikataa stesheni kwa ajili ya vijana wawili wenye kola. Kama angelifumua awarudishie, wangejua pia. Basi alilificha juu ya moshi na kulala kwenye baridi, ili mimi nisionekane nilivyokuwa.

"Warudishie," akasema, akanitajia wenyewe saba mmoja mmoja na kunisukumia blanketi mikononi. "Kabla sijaulizwa."

Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Kabla ya kufukia kaburi, mzee husimama akauliza watu: nani anamdai marehemu? Aseme sasa, kwa sababu udongo ukishaingia hakuna wa kujibu. Mama yangu hakuogopa kifo, alikuwa mtu wa kanisa. Aliogopa lile swali.

Nilikimbia gereji siku ile ile. Gunia lilikuwa nusu. Nilipiga magoti kati ya mafundi nikatoa leso na mikono ya gauni, na mmoja akaniuliza, "Fundi, umepoteza pesa humo?" Mbeleko ya bluu niliipata vipande vitatu, kimoja kimefunga bomba la trekta, cheusi tititi.

Sasa nakiri jambo la pili. Jioni ile ningeweza kupanda lori niende kambini, niwawekee wamama vipande vyao miguuni, niseme nimekosa. Wangenipiga kwa maneno, wangenicheka, halafu wangemsamehe mama. Vipande vilikuwa vingi vya kutosha. Lakini nilikuwa fundi mwenye diploma. Sikuweza kumpelekea mtu nguo iliyokatwa. Nikasema nitaziunganisha kwanza, nizifue, nizipige pasi, niende nazo nikiwa mtu. Nilifumua kazi yangu safi, mstari kwa mstari, nikaanza na leso ya kwanza. Ilinichukua siku mbili. Ya pili siku moja na nusu. Jumapili kijana wa misheni akaja na baiskeli, na kabla hajaegemeza baiskeli ukutani nilijua.

Tulimzika kwenye makaburi ya kambi, karibu na miwati. Mzee wa kanisa alisimama kando ya shimo, kofia mkononi.

"Mama huyu tumeishi naye," akasema. "Nani anamdai? Aseme, tumalize naye kwa amani."

Wale saba, hata yule aliyekuwa amehamia shamba jingine, walisimama mstari mmoja, upande wa pili wa shimo. Niliwatazama. Wao walitazama viatu vyangu. Yule mama mzee alikuwa ameshika mikono yake nyuma. Hakuna aliyefungua mdomo. Mzee akauliza mara ya pili, kama ilivyo, na mimi niliyejua kila kitu, mimi nisiyenyamaza mbele ya Mzungu, nilinyamaza. Udongo ukaingia.

Wakati wa kuondoka yule mama mzee alipita karibu nami. Alisema bila kusimama, "Kwake hatukusema. Wewe ni mzima. Tutakudai ukiwa mzima."

"Mlijua, Mama?"

"Mtoto, unafikiri blanketi la moshi halinuki? Miaka sita naingia kwa hiyo nyumba kuomba moto."

Basi walijua. Mama alikaa kwenye baridi miaka sita akificha kitu ambacho jirani yake alikinusa tangu mwezi wa kwanza, na jirani hakusema, ili mama aendelee kuficha kwa heshima. Sijui ni nani kati yao alimpenda mwenzake zaidi.

Nilianza kurudisha. Leso mbili zilikuwa tayari, nikazipeleka wiki ile. Mwenye ya kwanza aliitazama mishono, akaniambia, "Umeifanya vipande vipande kama dirisha la vioo, lakini ni yangu," akaifunga kiunoni akaendelea kupepeta maharagwe. Mwenye gauni la mtoto alicheka: yule mtoto sasa alikuwa msichana wa kuchota maji. Alilipokea hata hivyo. Mkubwa wa wale dada wa leso moja ndiye aliyemwazimisha mama ile moja, na kwa miaka sita yeye na mdogo wake waliomba nguo za kanisani kwa watu, na mimi nilipompelekea na leso nyingine mpya juu yake, alirudisha ile mpya. "Hatukukopesha mbili," akasema. Aliyehama nilimfuata mpaka shamba lake, kutwa nzima kwa miguu, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Nilipofika alinipa uji kabla hajauliza nimebeba nini.

Sikutumia mashini hata kwa moja. Nilijaribu, na mashini ilivuta nguo zilizochakaa ikazirarua. Nilishona kwa mkono, kwa nyuzi ndefu ndefu. Diploma ilikuwa ukutani juu ya kichwa changu.

Mbeleko niliiacha mwisho. Nilikuwa nimeifua mara nyingi kwa sabuni ya kipande na majivu, na kile kipande cha gereji kilibaki na kivuli. Yule mama mzee ndiye mwenyewe. Wakati ninaishona niliuliza wengine kwa nini mtu mkavu kama yule, aliyesema sitaweza hata mfuko wa posho, alitoa mbeleko yake. Waliniambia alibeba ndani yake mtoto mmoja tu, na mtoto huyo hakuishi kufika umri wa kutembea. Alipoitoa alimwambia mama yangu, imekaa bure sana, acha imbebe mtu.

Nilimkuta ameketi nje ya mlango wake, jua la saa nne, anachambua mboga. Niliiweka kwenye magoti yake. Alijifuta mikono, akaifungua, akaipima kwa mkono wake kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, mara moja, mara mbili.

"Imepungua."

"Imepungua vidole vitatu, Mama. Mshono umekula."

"Na hapa?"

"Ni grisi. Haikutoka."

Alipitisha kidole juu ya mshono, ule wa nyuzi ndefu. "Huu ni mkono wa mama yako," akasema.

"Ni wangu."

"Najua ni wako." Akasimama, akaitupa mgongoni, akaifunga kifuani kwa fundo la zamani ambalo wasichana wa siku hizi hawalijui, haina mtu ndani, ili aone kama bado inafika. Ilifika, kwa kubana. Alikaa nayo hivyo muda kidogo, akitazama upande wa miwati. Halafu akaifungua, akaikunja mara sita.

"Sasa nenda kamwambie," akasema. "Hakuna anayemdai."

Nilienda. Kwenye gunia la posho nilikuwa na kilichobaki cha blanketi: lile gunia jeupe la chini lenye matundu ya sindano ya miraba tisa, sufu, kaki ya baba na kipande cha gauni la mama. Nilisimama kando ya kaburi na hivyo mkononi, nikataja majina saba, moja moja, kwa sauti ya kutosha watu wa kambini kusikia.